MWENYE NGUVU ALIYEANZA VITA AKASHINDWA

Ndugu zetu wa migodini, ndugu zetu wa mjini Uvira, na ninyi nyote mnaokaa pwani hii ya ziwa tangu bandari ya Kalundu mpaka mto Rusizi, salamu.

Liko neno moja ambalo twalisikia kila siku, sokoni, bandarini na mahali pa kupokea posho. Watu husema: "Mwenye nguvu mpishe." Neno hilo lina hekima yake. Mtu akikutana na gari la mizigo katika njia nyembamba hana budi kupisha. Walakini wako watu walioligeuza neno hilo wakalifanya kama dini. Wanasema kwamba taifa kubwa likija na mizinga yake limekwisha kushinda, basi usiulize na usihesabu, vua kofia tu. Sisi twakataa. Wala hatukatai kwa sababu ya kujifariji. Twakataa kwa sababu ziwa hili lililo mbele ya macho yetu limekwisha kutoa ushahidi, na ushahidi wenyewe una tarehe na una majina.

Ushahidi huo ni wa vita vikuu vya mwaka 1914 mpaka 1918. Wakati ule bwana wa ziwa alikuwa Mjerumani. Yeye ndiye mwenye meli, ndiye mwenye reli, na ndiye aliyepiga kwanza. Miaka miwili haikutimia, akaizamisha meli yake kubwa kwa mikono yake mwenyewe na kukimbia. Yatupasa tujue kwa nini. Tena yatupasa tujue neno la pili, ambalo kwetu ni zito kuliko la kwanza: aliposhindwa yule mwenye nguvu, nani alishinda?

NGUVU ZILIVYOKUWA

Tuanze na hesabu ya nguvu. Mwaka 1914 ng'ambo yote ya mashariki, tangu Usumbura mpaka Kigoma na kuendelea kusini, ilikuwa chini ya bendera ya Ujerumani. Mwaka ule ule reli yake kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, safari ya kilometa 1,250 hivi. Ziwani alikuwa na stima Hedwig von Wissmann, akaongeza ndogo iliyoitwa Kingani. Tena pale Kigoma mafundi wake walikuwa wakiunga meli kubwa, Graf von Götzen, yenye urefu wa karibu mita 70. Meli hiyo ilitengenezwa mji wa Papenburg huko kwao, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku maelfu, ikaletwa kwa bahari na kwa reli mpaka ziwani. Ilishushwa majini Februari 1915. Halafu ikafungwa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, ambayo Waingereza waliiangamiza katika mto Rufiji Julai 1915.

Na upande huu wetu, Bula Matari alikuwa na nini? Alikuwa na stima moja, Alexandre Delcommune, na mitumbwi. Askari wake wa Force Publique walikuwa wametawanyika nchi nzima, na kazi waliyoizoea ilikuwa kuwatisha raia walipe kodi, si kupigana na jeshi la watu waliojifunza vita. Huko kwao Ulaya ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka wa Ubelgiji, na kabla mwaka haujaisha karibu nchi nzima ilikuwa mikononi mwao. Mtu wa Uvira akiulizwa siku zile nani atashinda, angejibu nini? Bila shaka angesema: Mjerumani, mwenye nguvu mpishe.

KOSA LA KWANZA: KUMPIGA ASIYETAKA VITA

Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, ule uliowagawia Wazungu nchi zetu kama mkate, ulikuwa na sharti moja: nchi za bonde la Kongo zaweza kukaa nje ya vita vya Wazungu. Vita vilipoanza Ulaya, serikali ya Ubelgiji ilitaka sharti hilo lifuatwe huku. Si kwa kutupenda sisi. Ilitaka mali ya Kongo isiguswe. Hata Gavana wa Ujerumani pale Dar es Salaam, Heinrich Schnee, hakuwa na haraka ya vita. Lakini mkuu wa majeshi yake, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kupigana, ili Waingereza walazimike kuleta askari huku badala ya kuwapeleka Ulaya.

Basi mwenye nguvu akapiga. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walishambulia Mokolobu, kijiji cha pwani hii ya Uvira, wakavunja mitumbwi na kukata waya wa simu. Tarehe 22 Agosti Hedwig von Wissmann ikaenda Lukuga, mahali palipokuja kuitwa Albertville na leo ni Kalemie, ikaipiga Alexandre Delcommune mpaka ikawa haifai kwa vita. Septemba wakakishika kisiwa cha Ijwi katika ziwa Kivu.

Hesabu yao ilikuwa nyepesi: tupige kwanza, ziwa liwe letu. Ni kweli, ziwa likawa lao kwa miezi kumi na sita. Lakini angalieni bei yake. Jirani aliyekuwa akitafuta njia ya kukaa kando, wao wenyewe walimtoa nyumbani na kumtia vitani. Mpaka wote wa magharibi, tangu Kivu mpaka kusini mwa ziwa, ukawa mpaka wa vita. Mwenye askari wachache akajiongezea adui kwa mkono wake.

Na huko Ulaya alifanya vivyo hivyo. Ubelgiji ilikuwa nchi isiyoingia vitani kwa mkataba wa mwaka 1839, na Uingereza ilikuwa imetia sahihi mkataba huo. Mjerumani aliona mkataba ni karatasi tu. Akapita katikati ya Ubelgiji ili afike Paris upesi, na siku ile ile Uingereza ikaingia vitani na manowari zake, nyingi kuliko za taifa lo lote. Hakujifunza. Februari 1917 akaamuru nyambizi zake zizamishe kila meli inayokaribia Uingereza, hata ya taifa lisilopigana. Aprili 1917 Marekani ikaingia vitani, na watu wake mamilioni na viwanda vyake ambavyo bomu la Mjerumani lisingeweza kuvifikia.

Ndugu, hili ndilo la kwanza la kushika. Mvamizi hujua sana kuhesabu adui alio nao leo. Adui atakaowazaa kesho kwa pigo la leo hawahesabu.

KOSA LA PILI: KUHESABU MZINGA, KUSAHAU NJIA

Wazee walisema nguvu za mamba ni maji. Mamba ndani ya maji humvuta hata nyati. Mtoe nchi kavu, watoto watamrushia mawe. Nguvu za Mjerumani huku zilikuwa kitu kilichotoka kwao: risasi, dawa, vyuma vya meli, mafundi. Vyote vilipita baharini. Na bahari ilikuwa imefungwa na Mwingereza. Meli mbili tatu zilipenya zikaleta silaha, basi. Kila risasi iliyopigwa katika ziwa hili ilikuwa imekwenda, hapana nyingine ya kuja mahali pake.

Adui zake walikuwa wadhaifu, lakini njia ilikuwa wazi. Sikilizeni mambo ya Mimi na Toutou. Hizo zilikuwa motaboti mbili ndogo za vita za Waingereza, kila moja urefu wake kama mita 12. Juni 1915 zilipakiwa melini kwao Uingereza. Zikafika Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume katika Katanga, mwisho wa reli. Kutoka hapo zikakokotwa porini kuvuka milima ya Mitumba. Ziliburutwa na mashine za mvuke, na ng'ombe, na zaidi ya vyote na watu weusi mamia kwa mamia, waliokata miti, waliojenga madaraja, waliochota maji ya mashine mpaka wao wenyewe wakakosa ya kunywa. Zikafika Sankisia, zikapanda treni nyingine mpaka Bukama, zikateremka mto Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni ya tatu mpaka Lukuga. Oktoba ilikuwa inakwisha.

Desemba zikatiwa majini. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja kupeleleza, ikapigwa, ikatekwa, nayo vita vyake havikufika robo saa. Waingereza wakaitengeneza, wakaipa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ilipotokea, iliyoifukuza na kuizamisha pamoja na Mimi ilikuwa ni hiyo hiyo Fifi, iliyokuwa ya Wajerumani jana. Ndivyo ilivyo kwa vitu vya mvamizi. Silaha aliyoinunua kwa dhahabu yake humrudia kwa mdomo wa mbele.

Ikabaki Graf von Götzen, kubwa kuliko zote. Mkuu wa motaboti za Kiingereza hakuthubutu kuikaribia. Ndege za Wabelgiji ziliiangushia Kigoma mabomu katikati ya mwaka 1916, lakini meli haikuzama kwa mabomu hayo. Iliuawa na nini basi? Iliuawa na njia. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umeondolewa kwa sababu Lettow-Vorbeck aliuhitaji bara. Majeshi ya Kongo yalikuwa yamevuka Rusizi: Kigali ilishikwa Mei 1916, Usumbura mapema Juni. Meli ya mita 70 isiyo na bandari ni sanduku la chuma tu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliitoboa na kuizamisha. Siku mbili baadaye Kigoma ikashikwa, na tarehe 19 Septemba Tabora. Mafundi walikuwa wameipaka mitambo yake mafuta kabla ya kuizamisha, wakitumaini kurudi kuichukua. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo Liemba hiyo mnayoijua, iliyowachukua wakimbizi wetu kwa maelfu kuwarudisha kutoka Kigoma mwaka 1997.

KOSA LA TATU: KUKAA JUU YA WATU WALIOPONDWA

Mjerumani alikuwa na vita viwili. Kimoja kilikuwa mpakani, na kingine kilikuwa chini ya viti vyake. Burundi ilikuwa imepigana naye chini ya Mwami Mwezi Gisabo mpaka mwaka 1903. Kusini mwa Tanganyika watu walimwinukia katika vita vya Maji Maji, tangu 1905 mpaka 1907, naye akaviua kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa kwa risasi na kwa njaa walikuwa makumi elfu juu ya makumi elfu, na wako wanahistoria wanaotaja 250,000 na zaidi.

Basi mtu aliyechoma ghala la mwenzake mwaka 1906, mwaka 1916 atalimwa na nani? Alipohitaji mahindi, hakununua, alinyang'anya. Alipohitaji wapagazi, hakuita, alifunga kamba. Watu walikimbilia porini na ng'ombe wao. Ardhi waliyoiita yao haikuwa nyumba kwao, ilikuwa kambi ya usiku mmoja.

Hapa wako watakaotupinga. Watasema: mbona askari weusi wa Mjerumani walipigana naye mpaka siku ya mwisho? Mbona Lettow-Vorbeck hakukamatwa kamwe? Ni kweli, wala hatufichi. Alikuwa na askari weusi zaidi ya 10,000 katika wakati wa nguvu zake, nao walikuwa mashujaa. Aliwazungusha Waingereza na Wabelgiji na Wareno miaka minne. Alipoweka silaha chini pale Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, Ulaya ilikuwa imekwisha kunyamaza wiki mbili. Alibakiwa na askari kiasi cha 1,200.

Lakini jiulizeni: alikuwa analinda nini? Nchi yote aliyotumwa kuilinda ilikuwa imekwenda. Alikuwa mtu wa porini anayekula shamba la leo na kuhamia la kesho. Alishinda mapigano mengi, wakapoteza vita. Kushinda mapigano ni kazi ya askari na mkuu wake. Kushinda vita ni kazi ya mkulima, na fundi, na mchimba madini, na mwanamke anayepika, nao hao hufanya kazi ile vizuri kama wanaona kuna lao ndani yake. Huko Ujerumani kwenyewe ndiko kulikofia vita. Bahari ilipofungwa, watu wa mijini walikula mizizi ya kulisha ng'ombe katika baridi ya 1916 na 1917. Mwisho wa Oktoba 1918 mabaharia wa manowari zake walipoamriwa kwenda kufa mara ya mwisho, walikataa, na mwanzo wa Novemba wakaasi katika bandari ya Kiel. Tarehe 11 Novemba mizinga ikanyamaza.

WALIOBEBA NA WALIOKULA

Tumesema Mjerumani alishindwa. Sasa tulisema lile neno la pili bila kuogopa.

Katika vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni, ushindi wa Tabora ulikuwa ushindi wa Ubelgiji na wa Jenerali Tombeur. Lakini Tombeur hakubeba sanduku. Kutoka pwani hii mpaka Tabora hapakuwa na gari lililopita. Risasi zilikwenda juu ya vichwa, unga ulikwenda juu ya vichwa, mizinga iliyofunguliwa ilikwenda mabegani. Wapagazi waliochukuliwa kwa majeshi ya Wabelgiji walikuwa zaidi ya 200,000. Upande wa Waingereza walichukuliwa mamia ya maelfu, na waliokufa kati yao ni zaidi ya 90,000, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa ya mapafu na kwa njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa wapagazi hao. Rwanda iliingiwa na njaa iliyoitwa Rumanura, na Ugogo njaa iliyoitwa Mtunya, kwa sababu majeshi yalikuwa yamekula mbegu.

Na ninyi wa migodini msidhani babu zenu walikuwa mbali na vita. Ganda la risasi ni shaba. Mwaka 1914 Katanga ilitoa shaba zaidi ya tani 10,000. Mwaka 1917 ilitoa zaidi ya tani 27,000. Nani aliyeichimba ile iliyozidi? Nani aliyekaa mbele ya tanuru? Mjerumani alikuwa akipigana na kiwanda cha risasi kule Ulaya, na nyuma ya kiwanda akipigana na mtu mweusi mwenye sururu, wala hakumjua hata jina. Lakini Mbelgiji naye hakumjua jina. Alijua namba ya kipande chake.

Mei 1919 walikaa mezani wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, wakagawana. Tanganyika kwa Mwingereza. Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji. Pamoja na hayo Mbelgiji akapewa gati zake Kigoma na Dar es Salaam. Mezani hapakuwa na mpagazi. Hapakuwa na mchimba shaba. Hapakuwa na Mrundi wala Mvira wala Mfulero. Ubelgiji, ambayo miaka minne ilikuwa inalia mbele ya dunia kwamba imevamiwa na mwenye nguvu, haikuona ajabu kupewa watu wa nchi nyingine kama mbuzi wa fidia.

Mmoja wetu alisema. Paul Panda Farnana, Mkongo, alijitolea kuipigania Ubelgiji mwaka 1914, akatekwa Namur, akakaa kifungoni Ujerumani mpaka vita vikaisha. Mwaka 1919 alianzisha chama cha Union Congolaise, na mwaka 1920 alisimama Brussels akataka Wakongo washirikishwe katika serikali ya nchi yao. Hakusikilizwa. Tulingoja mpaka tarehe 30 Juni 1960. Yaani mvamizi mmoja alishindwa mwaka 1918, na sisi tuliobeba ushindi tukaendelea miaka arobaini na miwili kuvua kofia mbele ya mwingine.

SHAHIDI WA PILI, WA JUZI

Mtu asije akasema hayo ni mambo ya babu. Ziwa limetoa shahidi wa pili. Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Kongo pamoja na waasi. Goma, Bukavu na Uvira zilikwenda katika siku chache. Tarehe 4 Agosti askari walirushwa kwa ndege kuvuka nchi nzima mpaka Kitona, karibu na bahari, ili Kinshasa ianguke upesi. Hesabu ilikuwa ile ile ya mwaka 1914: pigo moja, na kazi imekwisha. Walichozaa ni Angola, Zimbabwe na Namibia kuingia vitani upande wa pili. Kinshasa haikuanguka. Juni 2000 wavamizi wawili walipigana wao kwa wao siku sita ndani ya mji wa Kisangani. Mwaka 2002 mikataba ilitiwa sahihi ya kuondoa majeshi hayo. Serikali waliyokuja kuiangusha iliwaona wakiondoka.

Lakini katika hesabu ya raia iko Makobola, hapa kusini ya Uvira, ambako mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999 watu waliuawa kwa mamia. Mvamizi kushindwa hakukuwafufua.

Kuna jambo moja lililotofautiana na 1919, nalo yafaa tulishike. Safari hii kesi ilipelekwa. Mahakama ya Dunia huko The Hague iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda imevunja sheria, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliodhuriwa, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa ardhi uliochukuliwa, dhahabu na almasi na koltani na mbao. Ni mara chache sana mahakama ya namna hiyo imeweka bei juu ya madini yaliyotolewa na mvamizi. Juu ya Rwanda mahakama hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu, kwa kuwa Rwanda haikuikubali. Basi pwani hii yetu, iliyokuwa upande wa majeshi ya Rwanda, haikupata hukumu yo yote pale.

TUFANYE NINI NA UJUZI HUU

Kwanza, tusiogope kupita kiasi. Mkubwa akija na mizinga na kusema kila kitu kimekwisha, tumhesabie mambo matatu. Amezaa adui wangapi kwa pigo hili? Njia ya chakula na risasi zake yatoka wapi, nani aweza kuifunga? Na watu walio chini yake, wanamlimia kwa kupenda au kwa kamba? Kama majibu ni mabaya, nguvu zake ni za mamba aliyetoka majini. Zaweza kuuma, tena sana, lakini hazidumu.

Pili, tusifurahi upesi. Wako kati yetu ambao mvamizi akianza kushindwa hucheza ngoma, wakidhani anayemfukuza ni ndugu. Waliocheza ngoma Usumbura Juni 1916, bendera ya Ujerumani iliposhushwa, waliiona ya Ubelgiji ikipandishwa katika mlingoti ule ule.

Tatu, na hili ni la wafanya kazi. Vita vya wakubwa havina miguu yao wenyewe. Huenda kwa miguu ya mpagazi, hupiga kwa shaba na dhahabu na koltani ya mchimbaji, hula muhogo wa mama wa shambani. Kama ndivyo, wewe unayechimba ni sehemu ya hesabu, na una haki ya kuuliza mzigo unakwenda wapi. Lakini mtu mmoja akiuliza atafukuzwa kazi, au atapata mabaya zaidi. Wakiuliza wote wa shimo moja, na wa bandari, na wa soko, itabidi wajibiwe. Andikeni majina ya waliokufa katika vijiji vyenu. Andikeni mashamba yaliyochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, mashimo yaliyochimbwa kwa nguvu, na tarehe. Wazee wetu wa 1916 walijua haya yote kwa vichwa vyao, wakafa nayo, na pale mezani hapakuwa na karatasi hata moja iliyotaja jina la mpagazi. Safari hii karatasi ziwepo.

Mwenye nguvu mpishe njiani, ndugu. Gari lake likipita, andika namba yake.